Mvua haiji bure: jua, dunia na radi

UKURASA WA USALAMA NA AFYA



Mwezi wa kumi unapofika, kila mutu katika Katanga anajua namna hewa inavyobadilika. Joto linapanda. Usiku mutu anajigeuza kitandani chini ya manjanja, na usingizi hauji. Mama anatazama shamba alilokwisha kulima na kuuliza: «Mvua itakuja siku gani?» Halafu, siku moja saa nane ya muchana, wingu jeusi linasimama, upepo unageuka, na ngurumo ya kwanza inasikika. Watoto wanatoka mbio kucheza katika mvua. Mufanyakazi aliye juu ya makina anasema: «Acha nimalize kwanza, halafu nitashuka.»

Hapo ndipo hatari inaanza. Toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa hatukusikia ngurumo hata moja, ao mara chache tu. Tumepoteza desturi ya kujilinda. Radi ya kwanza ya mwaka ina nguvu sawa na ile ya mwezi wa kwanza, lakini inatukuta tumesahau.

Leo tunataka kuwaeleza mambo mawili: sababu gani mvua inarudi wakati ule ule kila mwaka, na sababu gani radi inaua. Mutu anayejua sababu ya jambo haliogopi ovyo, wala halidharau.

SWALI LA MUTOTO

Mutoto anarudi kutoka masomo na kuuliza: «Baba, sababu gani mwezi wa sita kuna baridi?» Wengi wetu tunajibu: «Kwa sababu jua liko mbali.»

Jibu hili linadanganya kwa sababu lina kipande cha ukweli ndani. Dunia yetu inazunguka jua katika siku 365 na karibu saa sita, na njia yake si duara kamili. Katika siku za kwanza za mwezi wa saba iko mbali zaidi na jua: karibu kilometa milioni 152. Katika siku za kwanza za mwezi wa kwanza iko karibu zaidi: kilometa milioni 147. Mutu atasema: «Munaona? Baba alisema kweli!»

Lakini muulize mutu anayeishi Ubelgiji. Mwezi wa kwanza, wakati dunia iko karibu zaidi na jua, kwao ni baridi kali, mara nyingine na teluji. Mwezi wa saba, wakati sisi tunavaa sweta asubuhi, wao wanatafuta kivuli. Kama umbali wa jua ungekuwa ndiyo sababu, dunia nzima ingesikia baridi siku moja. Basi sababu ni ingine.

CHUNGWA NA TAA

Baba na mama, fanyeni kazi hii pamoja na watoto, magaribi, nyumba ikiwa na giza. Weka taa katikati ya meza: hiyo ndiyo jua. Twaa chungwa, pitisha kijiti katikati yake toka juu mpaka chini: hiyo ndiyo dunia. Chora mustari kulizunguka chungwa katikati: hiyo ni ikweta. Tia alama ndogo chini kidogo ya mustari: hapo ndipo Lubumbashi.

Sasa usisimamishe kijiti wima. Kiinamishe kidogo, kwa sababu dunia yetu imeinama digrii 23 na nusu. Zungusha chungwa kuizunguka taa, lakini angalia: ncha ya juu ya kijiti inapashwa kuelekea ukuta ule ule siku zote. Usiigeuze.

Watoto wataona wenyewe. Upande mumoja wa meza, nusu ya chini ya chungwa inaelekea taa na kupata mwanga mwingi: kwetu ni mwezi wa kumi na mbili. Upande wa pili, nusu ya juu ndiyo inapata mwanga mwingi, na nusu ya chini inapata mwanga wa kupita pembeni: kwetu ni mwezi wa sita. Taa haikubadilika, umbali haukubadilika. Ni kuinama tu.

KIJITI KATIKA KIWANJA

Muko na njia ingine ya kuhakikisha, bila taa. Simamisha kijiti cha meta moja katika kiwanja, wima kabisa, na pima kivuli chake katikati ya muchana, wakati kinapokuwa kifupi zaidi. Pale Lubumbashi, tarehe 21 ya mwezi wa sita, kivuli kitapata karibu sentimeta 70 na kitaelekea kusini. Tarehe 21 ya mwezi wa kumi na mbili kitapata sentimeta 21 tu, na kitaelekea kaskazini.

Na karibu na tarehe 23 ya mwezi wa kumi, kivuli kitapotea kabisa. Siku hiyo jua linasimama sawasawa juu ya kichwa chako. Kolwezi, iliyo kaskazini kidogo, inaona jambo hili siku tatu hivi mbele ya Lubumbashi. Kisha jua linaendelea kwenda kusini, linageuka mwisho wa mwaka, na linapita tena juu ya Lubumbashi karibu na tarehe 18 ya mwezi wa pili.

Sasa munaelewa joto la mwezi wa kumi linatoka wapi. Jua liko juu ya vichwa, na mbingu ingali bila mawingu ya kutosha kutufunika.

MVUA INAFUATA JUA

Pahali jua linapopiga kwa nguvu, ardhi inapata moto, na hewa iliyo juu yake vilevile. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Hewa ingine inakuja kutoka pembeni kushika nafasi yake. Hivi kunakuwa mukanda wa mawingu na mvua unaoizunguka dunia, na mukanda huo unafuata jua, mara kaskazini, mara kusini.

Mwezi wa sita mukanda uko kaskazini, mbali nasi. Pepo zinazotufikia zinatoka kusini-mashariki, nazo ni kavu. Ndiyo sababu ya vumbi na midomo kupasuka. Kuanzia mwezi wa kumi mukanda unashuka, na hewa yenye majimaji ya pori kubwa la Kongo inatufikia. Mvua inaanza, inashika nguvu katika mwezi wa kumi na moja, na inaendelea mpaka mwezi wa tatu ao wa ine.

Kwa mwaka mumoja Lubumbashi inapata karibu milimeta 1.200 za mvua. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni litri moja ya maji. Basi kiwanja chako chenye upana wa meta 10 na urefu wa meta 10 kinapata litri 120.000 kwa mwaka, karibu zote katika miezi sita. Tusishangae mifereji isiyosafishwa ikijaa na maji yakiingia nyumbani.

RADI INAZALIWA NAMNA GANI

Hewa ya moto inayopanda inabeba mvuke. Juu kuna baridi, na mvuke unakuwa matone. Juu zaidi matone yanakuwa barafu. Wingu la radi linaweza kupanda zaidi ya kilometa 12. Ndani yake vipande vidogo vya barafu vinavyopanda vinagongana na vipande vizito vinavyoshuka. Kwa kugongana hivyo vinazaa umeme.

Jambo hili munalijua. Wakati wa kiangazi, unapovua sweta ya nailoni gizani, inalia na kutoa cheche ndogo. Wingu linafanya hivyo hivyo, lakini kwa nguvu kubwa sana. Umeme wa namna moja unakusanyika chini ya wingu, na umeme wa namna ya pili unakusanyika katika ardhi, hasa katika vitu virefu vilivyosimama: miti, minara, makina, na mutu aliye peke yake katika uwanja. Hewa inazuia hizi mbili zisikutane. Siku inaposhindwa kuzuia, umeme unapita kwa mara moja.

Pale unapopita, hewa inafika karibu digrii 30.000. Uso wa jua lenyewe una digrii 5.500 hivi. Hewa iliyopata moto namna hiyo inatanuka kwa gafula, na kishindo chake ndicho ngurumo.

Inchi yetu ni moja ya inchi zinazopigwa na radi zaidi duniani. Katika mwaka 2016 wenye elimu walitoa hesabu iliyofanywa kwa chombo kilichopimia radi toka angani miaka mingi. Pahali pa kwanza ni ziwa Maracaibo, katika Venezuela. Pahali pa pili ni Kabare, katika Kivu ya Kusini: radi karibu 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Pale kuna ziwa linalotoa mvuke na milima inayousukuma juu. Ni sababu za dunia na hewa.

JUU YA ULOZI

Tuseme wazi jambo ambalo wengi wanalisema pembeni. Radi ikiua mutu, watu wanauliza: «Nani aliituma?» Jamaa zinaachana, muzee mumoja anafukuzwa katika muji.

Mwezi wa kumi 1998, magazeti yalitangaza kwamba radi iliua wachezaji 11 wa ekipi moja ya mupira katika Kasai wakati wa muchezo, na watu wakaanza kusema juu ya ulozi. Lakini kiwanja cha mupira ni pahali pa wazi, na mutu aliyesimama humo ndiye anakuwa kitu kirefu. Swali linalofaa ni hili: ngurumo ilipoanza, nani alikuwa na uwezo wa kusimamisha muchezo? Ni swali la kujiuliza kila mara, katika kiwanja na katika karieri.

HESABU MOJA YA KUKUMBUKA

Mwanga unakimbia kilometa 300.000 kwa sekunde moja, basi radi tunaiona papo hapo. Sauti inakimbia meta 340 hivi tu kwa sekunde. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Sekunde 3 ni kilometa moja. Sekunde 15 ni kilometa 5. Sekunde 30 ni kilometa 10.

Radi inaweza kuruka kilometa 10 mbele ya wingu na kupiga pahali ambapo mvua haijaanza. Kwa hiyo sheria ni hii: ikiwa umehesabu sekunde 30 ao chini, ingia pahali pa usalama mara moja. Kisha ngoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kila ngurumo mupya, anza tena kuhesabu dakika 30. Watu wengi wanapigwa wakati wanapowaza kwamba mvua imekwisha.

KAZINI

1. Kapita ao shefu wa ekipi anapashwa kujua mbele ya kuanza kazi watu wake watakimbilia wapi. Asingoje wingu kufika ndipo atafute.

2. Pahali pa baruti, wingu la radi likikaribia, watu wote wanatoka. Radi inaweza kuwasha baruti iliyokwisha kuwekwa katika matundu, hata kama hakuna mutu aliyegusa kitu. Usirudi kuchukua chombo ulichosahau.

3. Dereva wa kamio kubwa ao wa makina yenye kabini ya chuma abaki ndani, afunge vioo, asiguse chuma kinachotoka inje. Asishuke wala asipande wakati radi inapiga: muguu mumoja chini na mukono mumoja juu ya ngazi, mutu anakuwa njia ya umeme.

4. Kamio likipigwa na radi, musilikaribie hata kama linaonekana zima. Mupira unaweza kuungua ndani bila moshi kuonekana na kupasuka nyuma ya saa nyingi, kwa nguvu ya kuua. Watu wakae mbali meta 300, na kamio liachwe saa 24. Watu wa usalama ndio watasema lini kukaribia.

5. Ondokeni karibu na nguzo, uzio wa chuma, reli na mabomba. Umeme unapita ndani yao na kufika mbali.

6. Mvua ikikwisha, musishuke karieri papo hapo. Mvua ya milimeta 50 juu ya kilometa moja ya mraba ni tani 50.000 za maji. Maji hayo yanaingia katika nyufa, yanaongeza uzito na kusukuma ukuta toka ndani. Ukuta unaweza kuanguka mvua ikiwa imekwisha na jua likiwaka. Anayehusika aangalie kwanza nyufa mupya, mawe yanayodondoka na maji yanayotoka pahali pasipo pa kawaida.

Shefu atasema: «Tani za leo zitapotea.» Tani za nusu saa zinaweza kupatikana kesho. Mutu hapatikani tena.

NYUMBANI NA SHAMBANI

Nyumba ya matofali iliyofungwa, yenye nyaya na mabomba, inalinda vizuri. Motokari yenye paa la chuma vilevile. Paillote, kibanda cha soko na kivuli cha manjanja juu ya miti mine havilindi na radi, hata kama vinazuia mvua.

Ondoa redio na televizyo katika umeme mbele ya radi kufika, si wakati inapiga. Telefone yenyewe haiiti radi, lakini iliyo katika chaji imeungana na waya: iache. Usioge, usioshe vyombo kwenye robine wakati huo.

Musikimbilie chini ya muti. Muembe mukubwa unaonekana sawa na mwamvuli, lakini ndio radi inautafuta, na umeme unaruka kutoka muti mpaka kwa mutu. Tena unasambaa katika ardhi. Ndiyo sababu ng'ombe wengi wanakufa pamoja chini ya muti mumoja: miguu yao iko mbali-mbali, na umeme unaingia kwa muguu mumoja na kutokea kwa mwingine.

Mama aliye shambani mbali na nyumba aangalie mbingu toka saa sita. Akiona wingu linapanda kama mulima, aache jembe na kurudi mapema. Kama radi imemukuta njiani, atoke juu ya kilima, akae mbali na miti na na wenzake, achuchumae, miguu pamoja, asilale chini. Lakini hiyo inasaidia kidogo tu. Musaada mukubwa ni kuondoka mapema.

MUTU AKIPIGWA NA RADI

Hapa tunataka kila mutu asikie vizuri. Kuna watu wanaokataa kumugusa aliyepigwa na radi. Wanasema umeme ungali ndani yake, ao amelaaniwa. Hii si kweli. Mwili wake hauna umeme. Unaweza kumugusa papo hapo. Wengi wanaopigwa na radi wanapona wakipata musaada. Wengine wanakufa kwa sababu moyo ao pumzi imesimama na hakuna mutu aliyetia mukono.

Mupeleke pahali pa usalama kama radi ingali inapiga. Tuma mutu kuita dispanseri. Kama hasikii na hapumui vizuri, mulaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua na sukuma chini sentimeta 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kusimama. Kama umefundishwa kupulizia pumzi, mupe pumzi mbili nyuma ya kila misukumo 30. Mukichoka, mubadilishane. Wakiwa wengi wamepigwa, muanze na wale wanaoonekana wamekufa: anayelia na kuugua angali na pumzi. Hata aliyeamka mwenyewe aende kwa munganga, kwa sababu radi inaweza kuumiza moyo, masikio na macho.

KWA WANAFUNZI

Tarehe 23 ya mwezi wa kumi, simamisheni kijiti chenu na mutazame kivuli kinavyopotea. Halafu muwaambie wazazi: «Jua limefika juu yetu. Mifereji imesafishwa? Kazini wanajua pahali pa kukimbilia?»

Baba atakayeulizwa hivyo na mutoto wake, asijibu tena kwamba jua liko mbali.